Hilux ya mwaka 1994 inagoma kuwaka mara moja moja na taa zinafifia: nianzie wapi kupima?

Mchukuzi wa Samaki, Sahare (Tanga):

Assalam aleikum ndugu zangu, na kwa wakubwa wangu shikamooni. Nina pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli ya 3L, ambayo kila alfajiri naipeleka dikoni kupakia samaki na barafu, kisha naelekea Muheza na siku nyingine nafika Korogwe. Ndiyo inayonilisha mimi na familia yangu, kwa hiyo ninaomba mnivumilie nikieleza kwa kirefu.

Kwa muda wa miezi mitatu sasa pikapu hii ina tabia ambayo imenishinda kuielewa. Saa kumi na moja alfajiri nikizungusha ufunguo, stata hutoa mlio mmoja wa "ta!" na kunyamaza, na taa za dashibodi hufifia kabisa kwa wakati ule ule. Nikirudia mara tano, mara nyingine hata kumi, ghafla stata huzunguka kwa nguvu zote na injini ikawaka kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Ikifika mchana hali hiyo huiona kwa nadra sana. Usiku nikiwasha indiketa, taa kubwa hucheza pamoja nayo, zikififia na kurudi. Jambo la tatu, ambalo ndilo lililonitisha zaidi, ni kwamba mara mbili injini imezimika ghafla nikiwa natembea kwenye njia ya vumbi yenye makorongo, na mara zote mbili iliwaka tena yenyewe ilipopita shimo lililofuata, kwa kuwa gia ilikuwa bado imeingia.

Nimekwisha kununua betri mpya ya N70, na baada ya hapo nikanunua stata iliyotumika, ambayo ilinipa nafuu kwa wiki mbili tu. Fundi ninayemtumia sasa ananiambia kwamba altaneta, ile inayochaji betri, imekufa na ninunue nyingine. Sina nia ya kumdharau, lakini fedha nilizotumia zimekuwa nyingi na ugonjwa uko pale pale. Je, kuna namna ya kupima ili nijue kwa hakika kabla sijanunua kitu cha tatu?

Fundi Umeme, Ngamiani:

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nakuomba usinunue kitu chochote kwa sasa, hata hiyo altaneta, mpaka tupime. Maelezo yako ni mazuri na yanatosha kuanzia.

Kifaa kilichokufa hakifufuki saa nne asubuhi kwa sababu jua limetoka. Tatizo linalokuja na kuondoka mara nyingi haliko ndani ya kifaa, bali liko kwenye maungio: teminali ya betri, waya wa ethi (ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi), nati iliyolegea, kiungo cha shaba kilicholiwa na chumvi. Katika gari linalobeba samaki hapa Tanga mimi huanzia kwenye ethi kabla hata ya kufungua kisanduku cha vifaa, na nitakueleza sababu yake.

Maji ya barafu iliyoyeyuka kutoka kwenye samaki yana chumvi. Yanachuruzika kwenye bodi, yanashuka kwenye chasi, yanarushwa na magurudumu mpaka mbele. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Sasa chumvi ya kawaida, hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 au zaidi, hunyonya maji kutoka hewani na kulowana yenyewe bila mvua hata tone. Sisi wakazi wa pwani tunaiona jikoni, chumvi inapogandamana kwenye kopo. Alfajiri hewa yetu huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na jua likipanda unyevu hushuka. Ndiyo maana nilisoma neno "alfajiri" katika maelezo yako mara mbili.

Nieleze pia kwa nini fundi anaweza kupima ethi kwa balbu na kukuambia kwamba ni nzima, ilhali ni mbovu, wala hakudanganyi. Chukua ungio lenye ukinzani mdogo sana, omu 0.01. Balbu ya kupimia ya wati 5 huvuta takriban ampea 0.4, kwa hiyo kwenye ungio hilo hupotea volti 0.004, na balbu huwaka vizuri kabisa. Stata ya dizeli ikivuta ampea 200 kupitia ungio lile lile, hupotea volti 2 nzima. Ungio likizidi kuoza, zinapotea volti tano au sita, na stata haiwezi kuzungusha injini. Kwa hiyo waya mnene lazima upimwe wakati unafanya kazi nzito, si wakati umelala.

Tafuta mita ya umeme ya kawaida, ile ndogo ya bei nafuu inatosha, na uiweke kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu (DC). Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Ili injini isiwake wakati wa kupima, chomoa ule waya mmoja mwembamba unaoingia kwenye solenoidi (kifaa kinachovutwa na sumaku ya umeme) ya kukata mafuta, juu ya pampu ya dizeli. Kisha mwombe mtu azungushe ufunguo wewe ukiwa na mita, alfajiri, wakati inagoma. Ukipima mchana hutaona kitu.

Kwanza pima betri ikiwa imetulia. Ikiwa imejaa itaonyesha karibu volti 12.6. Ufunguo ukizungushwa, volti kwenye nguzo za betri zisishuke chini ya 9.6. Baada ya hapo hamia kwenye kipimo muhimu kuliko vyote: mguu mmoja wa mita uguse nguzo ya hasi yenyewe, ile risasi ya katikati, usiguse teminali iliyoivaa, mguu wa pili uguse chuma kisafi cha bloku ya injini. Ufunguo ukizungushwa, mita isizidi volti 0.3. Ikizidi 0.5, umeshika mwizi. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata ambayo waya wa betri unafungwa. Mwisho, weka miguu ya mita kwenye boliti mbili kubwa za solenoidi ya stata. Ukisikia "ta!" na mita ikaonyesha karibu volti 12 kati ya boliti hizo, basi shaba za ndani za solenoidi zimelika na hazigusani. Huo ni ugonjwa unaojulikana sana wa stata hizi za Toyota, na tiba yake ni kubadilisha vipande viwili vya shaba, si stata nzima. Ikionyesha karibu sifuri, stata yako haina kosa katika jambo hilo.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji mita. Ukishajaribu kuwasha mara tano au sita ikigoma, zima ufunguo na upapase teminali na maungio ya waya mnene kwa uangalifu, moja baada ya jingine. Penye joto ndipo penye ubovu.

Dereva wa Chumbageni:

Kaka, pole sana. Mimi pikapu yangu ikigoma nalala chini, naunganisha boliti za stata kwa bisibisi, inawaka na safari inaendelea. Nimefanya hivyo karibu mwaka mzima. Jaribu uone kama itawaka, utajua kama ni swichi ya ufunguo.

Fundi Umeme, Ngamiani:

Ndugu yangu wa Chumbageni, nakuheshimu, lakini naomba uache jambo hilo na usimfundishe mwenzako. Kama gia imeingia, gari linaruka juu yako ukiwa umelala chini yake, na bisibisi inayobeba ampea mia mbili huyeyuka ncha na kurusha vipande vya moto. Zaidi ya hayo, kwa ndugu yetu wa Sahare kipimo hicho hakitatenganisha chochote, kwa sababu umeme utarudi kwenye betri kwa kupitia ethi ile ile tunayoishuku.

Mama wa Machungwa, Muheza:

Habari zenu. Mimi si fundi, ninamiliki pikapu inayobeba machungwa, ya umri unaokaribiana na hiyo. Nataka kuchangia kuhusu injini kuzimika njiani tu, kwa kuwa naona hilo bado halijajibiwa na ndilo linaloweza kuua mtu.

Gari langu lilikuwa likizimika vivyo hivyo kwenye matuta, nikaambiwa ni uchafu kwenye tangi, tangi likashushwa na kusafishwa, haikusaidia. Kijana mmoja aliyekuja kupakia mzigo ndiye aliyenieleza kwamba injini ya dizeli ya aina hii ikishawaka haihitaji umeme kwa jambo lolote isipokuwa moja, ile solenoidi ya kukata mafuta aliyoitaja fundi hapo juu. Umeme ukikatika pale hata kwa nusu sekunde, mafuta yanafungwa. Akaniambia niwashe injini, gari likiwa limesimama, kisha nitikise ufunguo kwenye swichi, na baadaye nitikise ule waya juu ya pampu. Nilipotikisa ufunguo, injini ilizimika pale pale. Nilikuwa nimeuning'iniza pamoja na funguo za ghala, za nyumba na za dukani, na uzito huo ulikuwa umelegeza swichi kwa miaka. Nilibadilisha kile kipande cha nyuma cha swichi chenye nyaya, na tangu siku hiyo ufunguo wa gari unatembea peke yake.

Kaka wa Sahare, anza na kutikisa. Hakugharimu hata senti moja.

Mchukuzi wa Samaki, Sahare (Tanga):

Nawashukuru nyote, na hasa wewe fundi kwa kuandika kwa utulivu kiasi kile. Niliazima mita kwa jirani, na leo alfajiri mwanangu alikaa kwenye usukani nami nikawa mbele nimefungua boneti, na tochi nimeishika kwa meno. Majibu ni haya.

Betri ikiwa imetulia ilionyesha 12.6. Iligoma kama kawaida, na wakati wa ule mlio, nguzo za betri zilionyesha 11.4. Kutoka nguzo ya hasi hadi bloku ya injini mita iliandika 6.8, nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu ikawa vile vile. Upande wa chanya ilikuwa 0.3. Kati ya boliti mbili za solenoidi ilikuwa 0.1. Baada ya majaribio saba nilipapasa, na teminali ya hasi ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono haraka. Jaribio la tisa stata ikazunguka.

Nilirudisha waya wa pampu, nikawasha injini na kutikisa kama alivyoelekeza mama yetu wa Muheza. Ufunguo niliutikisa mpaka nikachoka, haikuzimika. Lakini nilipogusa waya wa juu ya pampu, injini ilikata mara moja. Ile nati ndogo inayoubana ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Injini ikiwa inawaka na taa kubwa nimeziwasha, betri ilionyesha 14.1. Je, hii maana yake altaneta ni nzima?

Fundi Umeme, Ngamiani:

Altaneta yako ni nzima. Inayochaji vizuri hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4, nawe una 14.1 na taa zikiwaka. Mweleze fundi wako kwa heshima, na umwonyeshe kipimo, kwa kuwa naamini alitazama taa zinazofifia na akatoa hukumu kwa dalili hiyo.

Sasa ona hesabu yako inavyozungumza. Betri ilikuwa na volti 11.4. Ukitoa 6.8 zilizopotea kwenye hasi na 0.3 za chanya, stata ilibaki na volti 4.3 za kuzungusha injini ya dizeli iliyolala usiku kucha. Zinatosha solenoidi kuvuta na kutoa ule mlio, hazitoshi zaidi ya hapo. Na zile volti 6.8 hazikupotea hewani: kwa ampea 200 ni wati 1,360, joto la pasi ya umeme, lililokusanyika kwenye kipande cha waya kisichozidi kidole. Joto hilo ndilo lililokuwa likikausha ule unyevu wa chumvi na kutanua chuma mpaka kikagusana, na ndiyo sababu jaribio la tisa linafaulu pale ambapo la kwanza limeshindwa. Stata yako ya awali usiiuze chuma chakavu. Huenda haikuwa na kosa lolote, na ile uliyonunua ilileta nafuu kwa sababu tu, wakati wa kuifunga, nyaya zilifunguliwa na kukazwa upya.

Dashibodi hufifia pamoja na stata kwa kuwa teminali ya hasi hubeba nyaya mbili, ule mnene wa kwenda kwenye injini na mwembamba wa kwenda kwenye bodi. Zote mbili zimeoza mahali pamoja. Kuzimika kwa injini ni ugonjwa mwingine kabisa, wa nati ile ya pampu, na namshukuru mama wa Muheza kwa kulikumbuka nilipolipita. Tungetafuta sababu moja ya kueleza dalili zote tatu tungezunguka mpaka mwaka kesho.

Matengenezo yafanywe hivi. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye, na wakati wa kurudisha anza na chanya, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya kusiwe na cheche karibu na betri, maana gesi inayotoka kwenye betri inalipuka. Usisafishe teminali ile kwa msasa na kuirudisha. Nje itang'aa, lakini ubovu uko ndani ya mpira wa waya. Kata waya ule karibu na teminali na utazame shaba. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, endelea kukata kidogo kidogo mpaka ufike kwenye shaba nyekundu inayong'aa. Ikiwa ubovu umepanda zaidi ya kidole kimoja au viwili, nunua waya mpya wenye unene wa milimita za mraba 35 au 50, ubanwe kiungo cha shaba kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo. Unapoufunga kwenye bloku, kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe kionekane, kaza, halafu ndipo upake mafuta ya mgando au grisi juu. Mafuta yapakwe baada ya kukaza.

Ongeza waya wa pili wa ethi kutoka bloku hadi kwenye chasi, na mwingine kutoka chasi hadi bodi ya nyuma. Taa zako za nyuma zinategemea boliti ambazo zimekuwa zikioga maji ya samaki kwa miaka 30.

Mchukuzi wa Samaki, Sahare (Tanga):

Narudi baada ya siku nane ili atakayekuja kusoma asiachwe njiani.

Tulipokata ule waya wa hasi, mpira wake kwa nje ulikuwa mzuri, umevimba kidogo tu karibu na teminali, na ukiubana kwa vidole ulikuwa ukitoa mlio kama wa mchanga. Ndani, zile nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga, mweusi katikati na kijani pembeni, na nyuzi zilizobaki nzima nilizihesabu hazikufika kumi. Tulikata mara nne, kila mara weusi unaendelea, mpaka tukaamua kuutoa wote. Nimeweka waya mpya wa milimita za mraba 50 kwenda kwenye bloku, mwingine wa kwenda kwenye bodi, na zile ethi mbili za ziada. Nati ya pampu nimeisafisha na kuikaza, nikaweka na washa ya meno ili isilegee tena.

Jana na leo nimepima saa kumi na moja alfajiri, umande ukiwa juu ya boneti. Kutoka nguzo ya hasi hadi bloku mita inaandika 0.15. Imewaka kwa mzunguko wa kwanza siku zote nane. Taa kubwa hazichezi tena na indiketa, na njia ya makorongo nimeipita mara sita bila injini kukata.

Fundi wangu alikuja mwenyewe kuangalia zile namba, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuweka mita kwenye nguzo badala ya kwenye teminali, na ndiye aliyenifungia waya wa bodi ya nyuma bila kunitoza. Pia tumetoboa tundu kwenye kona ya bodi na kuweka bomba la plastiki linaloteremsha maji ya barafu moja kwa moja chini, mbali na chasi, na kila jioni nikirudi namwagia chasi maji baridi ya bomba.

Swali langu moja limebaki. Kuna bati ndogo ya kushikilia kisanduku cha fyuzi chini ya boneti ambayo nayo imeanza kuota ule unga wa kijani kwenye nyaya zake. Nikate na hizo, au nizisafishe kwanza?

Fundi Umeme, Ngamiani:

Hongera sana ndugu yangu, na 0.15 ni kipimo kizuri. Nyaya za fyuzi usizikate bado. Chomoa betri, toa fyuzi moja moja ukiandika nafasi zake, na utazame meno yanayoishika kila fyuzi: yaliyo na unga yasafishe kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia maungio ya umeme, yaliyolegea yabane kidogo, na yaliyoungua yakabadilika rangi ndiyo ya kukata na kuweka mapya. Baada ya kurudisha, washa taa zote na upime volti kwenye fyuzi ya taa kubwa, mguu mmoja wa mita kila upande. Ikizidi 0.1, niandikie tena hapa.

Mchukuzi wa Samaki, Sahare (Tanga):

Nimekuelewa. Ijumaa sitakwenda dikoni, nitaifanya siku hiyo na kuleta vipimo.